Lishe ya yatima na kasoro ya wastani

Muulize mtu yeyote kama yatima hupata lishe na afya sawa na mtoto aliye na wazazi wote wawili, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: sawa vipi? Sasa nenda kwa watu wa takwimu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 60 za kaya kutoka nchi 36, na mojawapo ya mambo yaliyoangaliwa ni ukondefu, yaani mtoto kuwa na uzito mdogo usiolingana na kimo chake. Uyatima haukuonyesha uhusiano thabiti na ukondefu. Kilichowatenganisha watoto kuliko kitu kingine chochote kilikuwa uwezo wa kiuchumi wa kaya wanamoishi.

Wapo wanaoyapenda matokeo ya aina hii. Mmeona, wanasema, tatizo si uyatima, ni umaskini; saidieni kaya maskini bila kujali nani kazikwa. Wapo pia wanaoyachukia, wanaosema takwimu zinadanganya kwa sababu wao wamewaona kwa macho yao yatima waliodhoofu. Mimi siungi mkono upande wowote. Takwimu hazikudanganya. Zimejibu swali zilizoulizwa, na swali lenyewe ndilo bovu: limewatia watoto wa kila namna kwenye kapu moja, likapiga wastani, kisha watu wakashangaa kuona wastani hausemi kitu.

Tuangalie kwanza waliomo kapuni. Kwa hesabu za UNICEF na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, yatima ni mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa kipimo hicho, mwaka 2015 yatima walikadiriwa kuwa kama milioni 140 duniani, na waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15 tu. Kwa maneno mengine, yule yatima tunayemfikiria wengi wetu, asiye na baba wala mama, ni mmoja tu kati ya tisa au kumi. Waliobaki wana mzazi aliye hai, na mara nyingi mzazi huyo ni mama. UNICEF inaongeza jambo jingine ambalo hupitwa haraka: asilimia 95 ya yatima wote wana umri wa zaidi ya miaka mitano.

Iweke takwimu hiyo ya mwisho kando ya jinsi lishe inavyopimwa. Tafiti nyingi za kitaifa hupima uzito na kimo cha watoto walio chini ya miaka mitano, na kuna sababu nzuri, maana huo ndio umri ambao utapiamlo huua na kudumaza zaidi. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 ni vya umri huo. Utepe wa kuzungushia mkono, ule wenye nyekundu, njano na kijani, umetengenezwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na nyekundu ni chini ya sentimita 11.5. Basi tunapotumia vipimo hivi kulinganisha yatima na wenzao, tumeshika sehemu ndogo sana ya yatima. Yatima wa miaka tisa, au wa kumi na miwili, ambaye ndiye yatima wa kawaida, hajapandishwa mzani wala hajasimamishwa kwenye kipimo cha urefu. Tumemwacha nje halafu tunatangaza kwamba hana tofauti na wenzake.

Na wapo ambao hawahesabiki kabisa kwa sababu wamekwisha kufa.

Eneo la Matlab huko Bangladesh lina utaratibu wa miaka mingi wa kuandikisha kila kizazi na kila kifo. Watafiti waliotumia kumbukumbu zake za kuanzia 1982 hadi 2005, na kuchapisha matokeo mwaka 2010 katika jarida la tiba la The Lancet, walikuta kwamba mtoto ambaye mama yake yu hai alikuwa na uwezekano wa asilimia 89 wa kufikisha miaka kumi. Kwa aliyefiwa na mama kabla ya umri huo, uwezekano ulikuwa asilimia 24. Kilele cha hatari kilikuwa kwa wachanga wa miezi miwili hadi mitano: waliofiwa na mama katika umri huo walikufa kwa kiwango cha mara 25 ya wenzao. Kifo cha baba hakikubadilisha chochote cha maana katika uwezekano wa mtoto kuishi.

Sasa mdadisi anafika na dodoso lake miaka mitatu baada ya msiba. Anaandika watoto waliopo. Kichanga aliyemfuata mama yake baada ya wiki sita hayumo kwenye safu ya yatima, na wala hayumo kwenye safu ya watoto wengine. Wanaopimwa ni walionusurika, yaani wale waliokuwa na shangazi aliyewahi, au bibi mwenye nguvu, au walikuwa wakubwa kidogo msiba ulipotokea. Kuwakuta wana uzito unaoridhisha si ajabu. Ajabu ingekuwa kinyume chake.

Kwa nini mama na si baba? Jibu jepesi ni maziwa, na kwa wachanga jibu hilo linatosha kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akipewa vyakula vya nyongeza. Mama akifa, mtoto anahamia kwenye maziwa ya kopo au ya mnyama siku hiyohiyo, yanayochanganywa na mtu ambaye huenda hajawahi kuyachanganya. Kopo ni ghali; vijiko vinapungua, maji yanaongezeka, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji yasipokuwa safi mtoto anaharisha, na akiharisha anapoteza hata kile kidogo alichopewa. Mzunguko huu hauhitaji mlezi mkatili. Mlezi mwenye mapenzi yote anaweza kuuendesha mwenyewe bila kujua.

Lakini maziwa hayaelezi habari ya mtoto wa miaka mitano au minane. Hapo mama ni kitu kingine: ni kumbukumbu. Yeye ndiye anayejua mtoto alianza kukohoa lini, chanjo ipi ilikosekana, ni chakula gani humletea vipele, na kwamba mtoto huyu akinyamaza sana ujue homa inakuja. Mlezi mpya anapokea mtoto bila maelezo hayo, mara nyingi hata bila kadi ya kliniki. Nimewasikia wahudumu wa afya wakimgombeza bibi kwa kutojua tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu. Tarehe hiyo ina kazi kweli, kwani bila umri huwezi kujua kama mtoto amedumaa, yaani kama kimo chake ni kifupi kuliko umri wake. Ila kumgombeza bibi hakuirudishi.

Hasara hiyo imewahi kupimwa kwa njia nzuri kuliko kawaida, mkoani Kagera, Tanzania. Kaya zilihojiwa mara kadhaa kati ya 1991 na 1994, wakati UKIMWI umeuelemea mkoa huo, halafu watu walewale wakatafutwa tena mwaka 2004, hata waliokwisha kuhama. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba watoto walijulikana kabla hawajafiwa, kwa hiyo watafiti hawakulazimika kukisia familia zao zilikuwa na hali gani mwanzo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, waliofiwa na mama utotoni waliishia kuwa wafupi kwa kama sentimita mbili katika kimo chao cha utu uzima, na walikosa karibu mwaka mmoja wa shule. Kwa waliofiwa na baba, athari ilionekana kwa baadhi yao tu.

Sentimita mbili zinaonekana kama kitu kidogo. Si kidogo zikiwa ni wastani wa kundi zima, tena katika kimo, ambacho hakipungui kwa njaa ya wiki moja. Kimo hutunza kumbukumbu ya miaka: milo iliyorukwa, minyoo isiyotibiwa, malaria zilizocheleweshewa dawa. Ndiyo maana naona ni kosa kuwapima yatima kwa ukondefu peke yake. Ukondefu unasema mtoto ana hali gani mwezi huu. Udumavu unasimulia alivyolelewa.

Kagera inafundisha jambo jingine ambalo tafiti za siku moja haziwezi kulionyesha. Katika familia iliyopigwa na maradhi ya muda mrefu, njaa ya mtoto huanza kabla ya mazishi. Mzazi amelala, halimi wala hafanyi biashara. Mwenzake yuko pembeni anamuuguza. Mali inauzwa kidogo kidogo kulipia matibabu. Siku mdadisi anapopita, mtoto wa nyumba hiyo bado ana wazazi wawili, kwa hiyo anaandikwa upande wa "watoto wengine." Anaushusha wastani wa upande huo, na tofauti kati ya pande mbili inazidi kufifia. Upande wa "watoto wengine" nao umejaa watoto wa kila hali. Mwaka 2022 watoto milioni 148 wa chini ya miaka mitano walikadiriwa kuwa wamedumaa, idadi inayozidi makadirio ya yatima wote wa umri wote. Wengi mno kati yao wana baba na mama. Ukimlinganisha yatima na kundi lenye hali hiyo, kusema "hawana tofauti" si habari njema kwa yeyote.

VVU vinaongeza ukungu. Mtoto wa mama aliyekufa kwa UKIMWI anaweza kuwa naye ameambukizwa, na bila matibabu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Walionusurika bila dawa hukonda na kudumaa hata wakilishwa vizuri. Mlezi anaona mtoto hanenepi, majirani wanaona mlezi anamnyima, na kumbe kinachohitajika ni kipimo cha damu na dawa za kufubaza virusi. Kuna walezi waliosemwa vibaya kwa kosa hilo.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Ulinganisho unaostahili kufanywa ni wa watoto walio chini ya paa moja. Mwaka 2004 Anne Case, Christina Paxson na Joseph Ableidinger walichapisha uchambuzi wa tafiti za kaya kutoka nchi kumi za Afrika. Walikuwa wakitazama shule, si chakula, lakini walichokiona kinahusu vyote viwili. Yatima walikuwa na uwezekano mdogo wa kuandikishwa shule kuliko watoto wasio yatima wanaoishi nao nyumba moja, kwa hiyo umaskini wa kaya hauwezi kulaumiwa, maana kaya ni ileile. Na kadiri undugu wa mtoto na mkuu wa kaya ulivyokuwa wa mbali, ndivyo nafasi yake ilivyozidi kupungua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Hapa uchungu huo umepimwa.

Kwa upande wa chakula, tafiti zetu hazioni ndani ya nyumba. Mdadisi huuliza kaya ilikula nini jana, mkuu wa kaya au mpishi anajibu, kaya inapewa alama. Dodoso halina mahali pa kuandika kwamba mtoto mmoja alitumwa dukani wakati wenzake wananawa, akarudi akakuta mchuzi. Halina mahali pa kuandika nani hupakuliwa mwisho, wala nani huambiwa "wewe mkubwa, muachie mwenzio" kila siku. Hakuna aliyempiga mtoto, hakuna aliyemnyima chakula. Ukiuliza kama yatima alikula jana, jibu la kweli kabisa ni ndiyo.

Na si chakula peke yake. Mwaka 1948, Ujerumani ikiwa bado inaishi kwa mgawo baada ya vita, mtaalamu wa lishe Mwingereza Elsie Widdowson alikuwa akifanya jaribio katika vituo viwili vya yatima nchini humo, kila kimoja kikiwa na watoto kama 50. Miezi sita ya kwanza vituo vyote vilikula mgawo wa kawaida. Miezi sita iliyofuata kimoja kingeongezewa chakula. Ilitarajiwa kwamba kilichoongezewa kitanenepesha watoto zaidi. Ikawa kinyume. Nusu ya kwanza, watoto wa kituo kimoja waliongezeka uzito vizuri na wa kingine wakadorora, ingawa mgawo ulikuwa mmoja. Nusu ya pili, wale waliokuwa wakistawi ndio walioanza kupewa nyongeza, na ongezeko lao likashuka chini ya la wenzao wasiopewa kitu.

Widdowson alipotafuta sababu aliikuta kwa msimamizi mmoja. Mwanamke huyu alikuwa mkali kupita kiasi, na wakati aliopenda kuutumia kugombeza ulikuwa wa chakula. Watoto wameshakaa, mbele yao kuna supu, yeye anamsimamisha mmoja na kumkaripia mbele ya wote. Akimaliza, supu imepoa na mezani kuna wanaolia. Nusu ya kwanza alikuwa katika kituo kilichodorora. Alihamishiwa kile kingine wakati uleule nyongeza ya chakula ilipoanza. Alikuwa pia na vipenzi wanane asiowagombeza, na alipohamishwa alihama nao. Hao wanane waliongezeka uzito vizuri kuliko wote.

Jaribio lile lilikuwa dogo na liliharibika kwa bahati, lakini lilichofichua hakijapingwa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kule Romania, mradi ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest uliwapangia kwa bahati nasibu watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni: wengine wabaki, wengine wapelekwe kwa familia za kuwalea. Waliopelekwa kwenye familia walikua kwa kasi kubwa, kimo na uzito, ndani ya mwaka wa kwanza, na mlezi aliyekuwa msikivu kwa mtoto ndiye ambaye mtoto wake alikua zaidi. Mtoto mdogo aliye kwenye hofu na upweke wa muda mrefu hakui ipasavyo hata sahani ikiwa imejaa. Mwili wake una kazi nyingine.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba vituo ni vibaya na familia ni nzuri. Mimi nasita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha watoto wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano, yaani Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania, ulikuta kwamba yatima na watoto waliotelekezwa walioko vituoni hawakuwa na afya mbaya wala ukuaji mbaya kuliko wenzao walioko kwenye familia za jamii zilizozunguka vituo hivyo. Tofauti na Romania ni kubwa: hawa ni wakubwa, wengi wao hawakuingia vituoni wakiwa wachanga, na familia walizolinganishwa nazo zilikuwa na dhiki zake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, ushahidi dhidi ya vituo ni mzito na sioni cha kubishania. Kwa mtoto wa miaka kumi, inategemea ni kituo gani na ni familia gani.

Wala tusisahau kwamba kituo cha yatima si lazima kiwe na yatima. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko vituoni duniani wana mzazi aliye hai. Walipelekwa kwa sababu nyumbani hakuna chakula wala ada, na kituoni kipo. Fedha ambazo zingemlisha mtoto nyumbani kwa mama yake zinalipia kitanda chake mbali naye, kisha anaingizwa kwenye takwimu za yatima.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema tusaidie maskini basi, habari imekwisha. Ruzuku kwa kaya maskini ninaiunga mkono, na ninaiona bora kuliko misaada inayomtaja mtoto kwa uyatima wake, kwa sababu mtoto akishakuwa sababu ya mgao anaanza kugombewa au kuonewa kijicho na watoto wa nyumba. Lakini ruzuku huishia mlangoni. Haijui nani hupakuliwa mwisho. Mjane mwenye watoto wake wanne anahitaji fedha na huenda fedha zikamtosha. Mtoto aliyefiwa na mama akachukuliwa na binamu wa baba yake anahitaji mtu wa kuuliza habari zake yeye mwenyewe kwa jina, mara kwa mara, hata kama nyumba anamoishi haina shida.

Kichanga aliyefiwa na mama wakati wa uzazi yeye hana hata nafasi ya kusubiri orodha ya wanufaika. Hatari yake inajulikana kwa idadi ya wiki, na wodi ya wazazi inajua jina lake kabla mtu mwingine yeyote hajamwandika. Sioni sababu ya mtoto huyo kutoka hospitalini bila mhudumu wa afya ya jamii kuambiwa siku hiyohiyo anakwenda kwa nani, na bila huyo anayempokea kuonyeshwa kwa vitendo jinsi ya kuchanganya maziwa na kulisha kwa kikombe.

Kwa wakubwa, shule ndiyo mahali pekee wanapokusanyika, na Shirika la Afya Duniani lilitoa rejea ya ukuaji wa miaka 5 hadi 19 tangu mwaka 2007. Siku za kugawa dawa za minyoo shuleni zipo tayari katika nchi nyingi. Watoto wamepangwa mstari, daftari limefunguliwa. Kuwapima kimo siku hiyo ni kazi ya dakika moja kwa mtoto. Kwenye daftari hilohilo ziongezwe safu mbili, moja ya nani anamlea mtoto huyu na nyingine ya tangu lini, na zijazwe upya kila mwaka, kwa sababu mlezi wa mwaka jana mara nyingi siye wa mwaka huu.